Fundi Obitre na Kaburi la Kwenye Kompyuta

Mteja asiyebishana bei hunitia wasiwasi. Nimeuza vigae na saruji mjini Arua tangu duka langu lilipokuwa meza ya mbao kando ya barabara, na ninajua kwamba mtu anayetaka kitu kweli hukitukana kwanza. Atasema kigae kimepinda, rangi itachuja, kwa jirani ni rahisi zaidi. Obitre hakutukana kitu. Aliingia asubuhi na mzigo uliofungwa kwa taulo, akaufungua juu ya kaunta yangu, ikatoka kompyuta ya mkononi iliyochakaa, mgongoni imebandikwa vibandiko vya watoto, nyota na wanyama wenye meno. Akaomba umeme.

"Hapa hatuchaji," nilimwambia. "Wa kuchaji wako kule kwenye kona."

"Mimi iko mteja, mama. Betri yake ilikufa. Bila waya haiwaki."

Duka lilikuwa tupu, nikampa soketi. Mashine ilichukua muda kuamka. Ilipoamka aliibeba mpaka waya ukanyooka, akaifikisha kwenye rafu ya bluu, akaanza kuchukua kigae kimoja kimoja na kukisimamisha kando ya kioo. Hiki hapana. Hiki hapana. Hiki kidogo, lakini hapana.

"Fundi," nikasema, maana kucha zake zilikuwa na saruji, "unanunua kigae au unapima macho?"

"Nataka bluu hii."

Nikazunguka kaunta kutazama. Kwenye kioo kulikuwa na kaburi la kujengewa, kama yale tunayojenga uani baada ya matanga, lenye ngazi pande zote, nguzo kwenye pembe na paa dogo juu. Lakini lote lilikuwa limejengwa kwa yale matofali madogo ya plastiki ya watoto kuchezea, yenye vinundu juu, yanayobanana moja juu ya jingine. Huja katika mitumba ya vitu vya watoto, na ukiyakanyaga peku unajua. Ila haya hayakuwa ya kushikwa. Yalikuwa ndani ya kompyuta tu. Obitre alikibana kipanya, akakivuta, na kaburi zima likageuka mbele yangu. Nikaona ubavu, nikaona nyuma, nikaona juu ya paa. Akachukua tofali kutoka kwenye orodha iliyokuwa pembeni, akalivuta mpaka kwenye ngazi, likakaa mahali pake kama limeitwa.

"Bluu ya wapi hii?" nilimuuliza. "Ya mbinguni?"

"Ya jiko letu. Alikuwa anachanganya chokaa na bluu ya kufulia, anapaka ukuta."

Nitasema wazi nilichokifikiria wakati ule, kwa sababu ndicho kilichotuunganisha. Watu wakija kwangu kununua vigae vya kaburi huja ukoo mzima. Mjomba anataka msalaba mrefu. Shangazi anataka ngazi. Mtoto aliyetoka Kampala anataka kitu alichokiona Kampala. Fundi anaitikia kwa kila mtu, kisha anajenga anachokijua, na siku ya kuzindua kaburi kila mmoja anasema hili silo. Mwisho wanarudisha vigae kwangu vikiwa na zege mgongoni. Nikaona kwamba kwa mashine hii wangegombana mapema, wakiwa wamekaa kwenye viti vyangu, wakaelewana, wakanunua, na hakuna ambaye angerudi.

"Keti hapa dukani na hiyo mashine," nilimwambia. "Wateja nakuletea mimi. Wewe unawachorea, halafu unawajengea."

"Hapana."

"Sijasema utapata nini."

"Hii si ya kuuza, mama. Ni ya mke wangu."

"Mke wako anataka kaburi?"

"Iko ndani yake tayari."

Nilimpa pole. Kisha nikamuuliza ukubwa wa kaburi, kwa sababu pole haijazi rafu. Bluu ile sikuwa nayo, nikamwambia nitaiagiza Kampala. Akakubali bei ya kwanza niliyotaja. Nilitamani kumpiga.

Vigae vilikuja. Obitre hakuja. Bluu ile ilikuwa ya ajabu kidogo, bluu ya jiko la mtu mmoja, na kila mteja aliyeiona alipita kwenda kwenye nyeupe. Nikaona vitanizeekea. Nikawasha pikapu yangu nikaenda Ombaci kumtafuta.

Nyumba yake iko ng'ambo ya misheni, ya matofali ya kuchoma, imejengwa vizuri kuliko nyumba zote jirani, na imenyamaza kuliko zote. Jiko la bluu lipo uani. Ndani kuku walikuwa wamelala kwenye mafiga. Yeye alikuwa sebuleni, kompyuta juu ya meza, muhogo wa kuchoma wa barabarani juu ya gazeti. Kabla hajaniona nilimsikia akisema, "Ngoja, ngoja kidogo, nageuza." Nikadhani ana mgeni. Alikuwa anaongea na kioo.

Kiti kilikuwa kimoja. Akanipa mimi, yeye akakalia ndoo.

Sikumwuliza habari ya vigae haraka. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu ukimwacha aongee atakuambia mwenyewe mlango uko wapi. Akaniambia kwamba kompyuta aliinunua kwa fundi wa simu pale Arua, akitaka kutazama mpira uliorekodiwa. Programu ile ya matofali aliikuta ndani. Kulikuwa na ngome ya mawe iliyojengwa nusu, ina mnara mmoja na daraja lisilofika ng'ambo. Akanionyesha. Kazi ya mtoto fulani wa Ulaya ambaye mashine ilikuwa yake.

"Mbona hujaimalizia?" nikauliza.

"Kazi ya fundi mwingine unaishikaje bila yeye kukuita?"

Programu imeandikwa Kiingereza tupu. Alibonyeza kila kitu mpaka akajua kila kitu kinafanya nini. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba mle ndani hakuna kinachoanguka. "Unaweza kuanza na paa, mama. Unaliweka juu, hakuna nguzo, hakuna ukuta, na linakaa tu. Linangoja." Fundi wa miaka mingi, aliyejenga nusu ya makaburi ya upande ule, na kaburi la mkewe alilianza kwa paa. Programu inakataa jambo moja tu: vipande viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Ukijaribu, kipande kinageuka chekundu.

Mkewe aliitwa Shakira, wa Ludara, upande wa Koboko. Obitre Mkatoliki, mke Mwislamu. Waliishi hivyo, Ijumaa yako na Jumapili yangu, hawakuwa na watoto na hawakugombania dini. Obitre alipata kazi ya kujenga ghala Sudan Kusini, mbali kupita Kaya, mahali pasipo na mtandao. Akiwa huko Shakira aliugua. Alipoona amezidiwa alipanda boda kwenda kwa mama yake, na huko akafa. Ndugu zake walipiga simu ya Obitre, haikupatikana. Kwao maiti haingoji. Wakamzika siku ile ile.

Obitre alivuka mpaka pale Oraba akirudi, kazi ilipokwisha, hajui lolote. Alisimama kubadilisha pesa. Mchenji anayemjua akamshika mkono akamwambia, "Pole sana, kaka." Akauliza pole ya nini.

Alipofika Ludara shemeji zake walimzuia penye ua. Mkubwa, Swaibu, alimwambia kwamba mume ambaye hakutia udongo kwa mkewe hana kazi na kaburi lake. Hakuoneshwa hata liko wapi. Alirudi mara ya pili na mfuko wa saruji juu ya boda, wakaurudisha mfuko na boda. Ndiyo sababu vigae vyangu hakuvijia. Hakuwa na pa kuvipeleka. Alikuwa amejenga kaburi lote ndani ya kompyuta, ngazi kwa ngazi, kila umeme ukiwepo, kwa ajili ya mahali alipokatazwa kukanyaga.

"Basi tufanye hivi," nikasema. "Mimi naenda Ludara kukusemea. Wakikubali, unajenga, unachukua vigae vyangu. Halafu unakuja kukaa dukani na mashine yako. Wasipokubali, hunidai na sikudai."

"Wewe? Mambo ya wakwe wanasema wanaume."

"Wanaume wako wamesema nini mpaka leo?"

Akakwangua saruji kwenye kucha.

"Na mama yake Shakira ni nani? Ni dume?"

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na alicheka kama mtu anayekohoa.

Mimi nilianza maisha kwa kuwauzia sabuni madereva wa malori Oraba. Kikakwa cha huko Koboko ninacho kidogo, Kiswahili cha mpakani ninacho kingi, na nimewahi kumuuzia ofisa wa forodha sabuni zangu mwenyewe alizoninyang'anya. Sikuogopa Ludara. Nilitanguliza salamu kwa mama mzee kupitia mwanamke wa soko la huko anayenunua saruji kwangu, nikasikia kwamba mama hajakataa. Nikapakia betri ya sola ya dukani pamoja na inveta ya kugeuza umeme, kwa sababu ile mashine bila waya ni ubao tu, nikamweka Obitre mbele, tukaenda. Njia nzima alishika kompyuta mapajani kama chungu cha mchuzi.

Swaibu alitupokea. Ni mtu mrefu, baba yao alikuwa askari na yeye anasimama bado kama anakaguliwa. Mdogo wake, Kamisi, alikuwa nyuma yake anachonga mpini wa jembe.

"Ombaci wanaume imekwisha?" Swaibu akasema. "Wametuma mama wa tailsi?"

"Wanaume iko," nikamjibu kwa Kiswahili chake. "Lakini wao inakuja mikono mitupu. Mimi nimekuja na sukari, majani ya chai na sabuni ya mama. Nirudi nayo?"

Kamisi akacheka chini chini. Sabuni ikaingia ndani.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka mlangoni mwa nyumba yake. Wanamwita Mama Swaibu. Hapo palikuwa na shida niliyokuwa nimeifikiria mapema: kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hakai mbele yake. Nikamketisha Obitre kwenye kigoda, mgongo kwa mama, kompyuta magotini. Yeye akatazama kioo, mama akatazama kioo juu ya bega lake. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Waya ukatoka kwenye pikapu ukapita uani, na mbuzi mmoja akawa anaufikiria.

"Mama," nikaanza, "huyu mtoto wenu hakuja kujitetea. Amekuja kuonyesha anachotaka kumfanyia Shakira. Mkikataa anafunga mashine anaondoka. Tazameni kwanza."

Niliwauzia kaburi lile jinsi ninavyojua kuuza. Nilimwambia azungushe, akazungusha. Nikawaonyesha ngazi, nguzo, bluu ya jiko. Kamisi aliacha mpini wake akaja. Hata Swaibu alisogea, mikono nyuma. Hawakupenda paa, niliona, lakini walikuwa wanatazama, na mtu anayetazama hajakataa.

Kisha Kamisi akanyoosha mkono. "Wacha mimi nageuza."

Obitre akashtuka, akakivuta kipanya, lakini Kamisi alikuwa ameshakibana. Kaburi likapinduka. Mle ndani ya programu hakuna ardhi. Unaweza kutazama kitu kutoka chini kama vile wewe uko ndani ya udongo. Mimi nilikuwa nimelitazama kutoka juu na pembeni tu, kama mtu mwenye akili anavyotazama kaburi. Likapinduka, tukaona chini.

Chini palikuwa na chumba. Ndani ya chumba kulikuwa na kisanamu cha plastiki, mtu mdogo wa kuchezea mwenye kichwa cha njano na nywele nyeusi, amelala chali. Pembeni yake kulikuwa na sufuria ndogo, kikombe, redio, na kuku mmoja.

Kamisi akakiachia kipanya.

"Hiyo nini?" akauliza Swaibu.

Obitre akajaribu kulipindua kaburi lirudi juu.

"Nauliza wewe. Hiyo nini? Umefanya dada yetu sanamu? Umemuweka ndani ya mchezo ya watoto na kuku?"

"Shemeji, mimi..."

"Mimi si shemeji yako! Mama, umeona? Mutu hajui hata kuogopa Mungu. Na tazama, tazama vile amemlaza!" Akainama, kidole karibu kutoboa kioo. "Hiyo njano huku nini?"

Kwenye ukingo mmoja wa kaburi kulikuwa na tofali moja la njano. "Jua," Obitre akasema. "Jua linatoka huko. Niliweka nisipotee."

"Basi amepotea!" Swaibu akatugeukia wote kama tuko mahakamani. "Kichwa amepeleka huku, jua inazama. Shakira kichwa yake iko kule jua inatoka! Jiwe ya kichwa angesimamisha kwa miguu yake. Hajui mke wake amelala namna gani. Mume gani hii?"

Hapo nilianza kuhesabu hasara. Obitre aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia kugusa vitufe. Alikuwa amejenga makaburi maisha yake yote, ya Wakristo wa Ombaci, na hao hulazwa chali, kichwa kikielekea machweo. Mikono yake ilimlaza Shakira kama inavyowalaza wote. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Sikuwapo," alisema. "Hakuna mutu aliniambia."

Nikasimama ili nikusanye waya wangu. Ndipo mama akasema, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba chumvi imezidi:

"Mgeuze."

"Mama!" Swaibu akasema.

"Nimesema amgeuze. Anamwacha hivyo mpaka lini?"

Obitre akabonyeza kisanamu, kikang'aa pembeni. Akabonyeza vitufe vya mishale. Kikageuka robo, kikageuka robo tena, kichwa kikaenda upande wa tofali la njano.

"Kwa ubavu," mama akasema. "Ubavu wa kuume. Uso kwa Kibla, huku kaskazini. Sisi hatulazi mtu kutazama juu."

Akabonyeza tena, kikalala ubavu.

"Nywele hizo, funika. Shakira hakutoka nje nywele wazi, hata kwa kuteka maji. Nilimwosha mimi, na shangazi yake. Sanda ilikuwa nyeupe, ile ya duka la Koboko, si ile nyepesi."

Obitre akaenda kwenye orodha ya vipande akatafuta vyeupe. Cha kwanza kikageuka chekundu, kiligongana na mkono. Akakitoa. Akachagua chembamba, kikakubali. Akachagua kilichopinda, kikakaa juu ya bega. Alimfunika polepole hivyo, kipande kwa kipande, mama akisema bado miguu, bado hapo, na yeye akijibu ndiyo mama, bila kugeuka. Vile vitu vingine, sufuria na redio na kuku, alivifuta mwenyewe kabla ya kuambiwa.

"Nani alishuka kaburini?" aliuliza. Hakumwuliza mtu fulani. Alikuwa anauliza kioo.

"Mimi nilikamata upande wa miguu," Kamisi akasema. "Swaibu kichwa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ilikuwa inateleza. Nilikuwa karibu kuanguka juu yake."

"Hukuanguka," mama akasema.

"Nimesema karibu."

"Halafu tukaweka mbao," Kamisi akaendelea. "Zinaegemea hivi."

Obitre akatafuta vipande vya hudhurungi, akaviweka vimesimama wima.

"Hapana hivyo," Swaibu akasema.

Tulimtazama sote. Alikuwa amechuchumaa, mkono kwenye kidevu.

"Inalala. Inaegemea ukuta wa nyuma. Na yeye mwenyewe hayuko katikati, iko ndani zaidi, tulichimba mwanandani pembeni. Msogeze ukutani. Zaidi. Hapo. Sasa mbao."

Nikaketi tena. Katika kazi yangu, mtu akianza kukusahihisha ameshaacha kukufukuza. Walijaza udongo, vipande vya hudhurungi juu ya vipande, Swaibu akieleza nani alishika koleo na nani alilia vibaya na imamu gani alikuja. Obitre aliuliza kila kitu. Ilikuwa saa za jua kali, chai ilipoa, na mbele yangu watu wanne walikuwa wanamzika mtu aliyekwisha kuzikwa. Chumba kilipojaa Obitre alipindua kaburi atazame kutoka chini, akaziba na huko pia. Hakuna ambaye angeweza kuona tena.

"Sasa juu," mama akasema. "Toa paa."

Akatoa paa.

"Toa hizo nguzo. Sisi hatuwekei mtu nyumba."

Akatoa. Zile ngazi za bluu nilizoziona kwangu dukani zikaondoka moja moja. Nilitaka kusema neno juu ya ngazi angalau mbili, nikalimeza. Nimeshiriki katika biashara nyingi ambazo mnunuzi anavuta bei chini na muuzaji anasononeka. Huyu alivutwa mpaka chini kabisa, kazi ya miezi, na kadiri alivyovutwa mabega yake yalishuka kama ya mtu anayetua mzigo. Kilichobaki mwisho kilikuwa tuta la udongo, safu moja ya matofali kulizunguka, na jiwe dogo upande wa tofali la njano.

"Hiyo," mama akasema. "Hiyo anaweza kujenga."

Swaibu alitaka kitu pia, na nilikuwa nakisubiri, kwa sababu asiyetaka kitu hajakubali kweli. Akataka mahali pa kutawadhia pa msikiti wao parekebishwe, sakafu ilikuwa imepasuka. Nikasema fundi atafanya, nyinyi mlete mchanga na watu wa kubeba. Akasema mchanga ndiyo, watu hapana. Nikasema Kamisi ni watu. Kamisi akasema, "Mimi nimeuzwa?" Tukamaliza hivyo.

Obitre alijenga siku ile ile, kwa matofali ya kuchoma ya pale pale, Kamisi akimpa udongo wa kushikizia. Swaibu ndiye aliyemwonyesha kaburi, nyuma ya migomba, tuta kama tuta jingine lolote. Obitre alisimama kwanza upande wa kichwa, akatazama jua lilipo, akatikisa kichwa kukubali. Hakuvuta kamba ya kupimia mpaka Swaibu alipoondoka. Kazi ilikuwa ndogo. Ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa ufundi. Aliirudia safu nzima mara mbili.

Tulipoondoka mama hakutoka. Alimtuma Kamisi na mfuko wa karanga. Akasema ni za mkwe, si zangu.

Sasa niseme nani alipata nini.

Mama Swaibu alipata mkwe anayepita kusalimia siku ya Idd na kukaa nje ya nyumba akiwa amempa mgongo, wakiongea hivyo. Swaibu alipata sakafu ya kutawadhia. Mimi nilipata fundi kwenye kiti cha dukani, kama tulivyopatana, na ilikuwa kama nilivyoona siku ile ya kwanza. Koo zinakuja, zinagombana mbele ya kioo, zinanunua. Obitre anawachorea chochote watakacho, hata paa, hata nguzo za kujisokota. Ila hagusi kipanya kabla hajauliza swali moja, na nimemsikia akiliuliza mpaka nimelizoea: kichwa kiko upande gani, na nani alikuwepo? Kukiwa na mtu katika ukoo ambaye hakuwepo, anamvutia kiti karibu.

Alichopoteza yeye nilichelewa kukiona. Nilipita Ombaci kumpelekea saruji. Kuku wako bado kwenye mafiga. Meza ya sebuleni ilikuwa tupu. Kompyuta anaiacha dukani siku hizi, haibebi kurudi nyumbani.

"Jioni unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nakaa."

"Na ile ngome ya mtoto? Si umalizie daraja? Mashine umeilipia, ni yako na vilivyomo."

"Atakuja kuimaliza mwenyewe," alisema, ingawa anajua vizuri kwamba hakuna atakayekuja. Kile kilichokuwa kinamkalisha mbele ya kioo usiku na mchana kilikwisha Ludara, na nyumba ikabaki vile vile ilivyokuwa, na kiti kimoja. Nilimpelekea cha pili. Kilikuwa kibovu kidogo, nisingekiuza.

Vigae vya bluu havikununuliwa na mtu. Mwisho nilimwambia avipige kwenye kizingiti cha duka, pale wateja wanapoingia, ili angalau visiliwe na vumbi boharini. Alivipiga vizuri, mistari imenyooka. Wateja wanavikanyaga. Yeye kila asubuhi anafika, anasimama nje, anatazama chini, kisha anavuka kwa hatua moja ndefu, bila kuvigusa. Nimemwambia ataanguka siku moja. Anasema hapana, ameshapima.